Uma wa paleti kwa trekta dogo: chuma kiende kwenye kiwiko

Uma wa paleti wa kujitengenezea, yaani meno mawili ya chuma yanayofungwa mbele ya trekta kuinulia mzigo, hauvunjikii katikati ya jino. Unavunjikia kwenye kiwiko, pale jino lililolala linapokutana na nguzo iliyosimama. Mafundi wengi wakitaka uma imara huongeza unene wa meno, wakaishia na chuma kizito ambacho kiwiko chake bado ni kilekile. Trekta la nguvu farasi 25 au 30 halina uwezo wa kuchezea: kila kilo ya chuma unayoning'iniza mbele ni kilo ya mahindi usiyoinua.

Anza na mzigo. Vipimo vya hapa ni vya kilo 400, yaani gunia nne za kilo 100. Kwa sheria ya Tanzania gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kiasi) bado zipo, na anayepakia kwenye soko la nafaka la Kibaigwa kwa kuhesabu magunia bila kuyapima anaweza kuwa ameshavuka kiwango kabla hajagusa lever. Kreti za zabibu kutoka Hombolo, Dodoma, ni rahisi zaidi, maana unapima moja na zingine ziko karibu nayo.

Nunua skwea paipu moja ya milimita 100 kwa 50, unene milimita 4. Pima unene mwenyewe kwa kalipa, kwa sababu paipu inayouzwa kama nne mara nyingi ni tatu na kidogo. Urefu wa mita 6 unatosha uma mzima:

meno mawili ya sm 105
nguzo mbili za sm 50
mihimili miwili ya kukingama, sm 120 kila mmoja

Jumla ni mita 5.5, kwa hiyo hata paipu iliyopungua hadi 5.8 inafaa. Kama mikono ya loda yako (ile ya mbele ya kuinulia) imekaribiana, punguza mihimili: upana wa mikono kwa nje, jumlisha sm 10, basi. Ongeza bamba la milimita 12 kwa masikio manne (vipande vyenye matundu vya kuunganishia uma na loda kwa pini), bamba la milimita 8 kwa viwiko, na skwea paipu nyembamba ya 40 kwa 40 kwa ajili ya kizuizi cha mgongoni. Vyote vikikamilika vina kama kilo 85 hadi 90.

Jino linalazwa, si kusimamishwa. Ukilisimamisha upande wa milimita 100 linakuwa na nguvu zaidi, ila haliingii kwenye paleti, kwani tundu la paleti ya kawaida lina kimo cha karibu hizo hizo 100. Likilala lina kimo cha 50, linapita bila kukwaruza mbao. Ncha ikate mshazari kutoka upande wa chini, urefu wa sm 15, halafu izibe kwa bamba. Ncha iliyoachwa wazi hujaa udongo na kuota kutu kwa ndani usikoona.

Kuna kishawishi cha kutumia majani ya springi ya lori kutoka kwenye vyuma chakavu. Acha. Ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza na kukipoza taratibu, kinapasuka kando ya mshono, tena ghafla, bila kupinda kukuonya. Meno ya foklifti iliyokufa ni mazuri, lakini jozi ya unene wa milimita 35 ina kilo 80 na zaidi kabla hujaweka fremu. Kwa trekta dogo ni hasara.

Sasa kiwiko. Jino lipite chini ya nguzo mpaka mwisho wake ulingane na mgongo wa nguzo. Mhimili wa chini ukae nyuma yao ukiwa umesimama, nusu ya kimo chake ifunike mwisho wa jino na nusu ishike nguzo. Mzigo ukikaa, ncha inavutwa chini na kona ya ndani inataka kufunguka, hivyo mshono wa ndani, kati ya uso wa mbele wa nguzo na mgongo wa jino, ndio unaobeba taabu yote. Mshono huo peke yake hautoshi, maana umekaa juu ya ukuta wa milimita 4 unaonesa. Kata mabamba manne ya milimita 8 yenye umbo la herufi L, mikono ya sm 20, upana wa mkono sm 4, yabandike ubavuni, mawili kila kiwiko. Sm 4 juu ya ubavu wa sm 5 zinakuachia nafasi ya kuchomelea kingo zote. Kona ya ndani ya hiyo L usiikate kwa pembe kali; iache na mviringo. Ufa hupenda kuanzia kwenye pembe.

Kipande cha pembetatu ndani ya kiwiko kingekuwa rahisi zaidi kukata, ila kikiwa kikubwa kinazuia paleti kuingia hadi mwisho na kusogeza mzigo mbele, mahali ambapo loda ni dhaifu.

Kutoka ukingo wa nje wa jino moja hadi wa jingine weka sm 68. Inafaa paleti ya 120 kwa 100 ukiingilia upande mrefu. Kama paleti zako zimepigwa misumari na seremala wa mtaani, pima kwanza, kwani kila seremala ana yake.

Masikio yanakiliwa kutoka kwenye bakuli la loda. Bandika kadibodi ubavuni, bonyeza kwenye matundu ya pini, upate umbali kati ya pini ya mkono na pini ya silinda. Kosa la milimita mbili hapa linakufanya ugonge pini kwa nyundo kila siku. Kila sikio liguse mihimili yote miwili; likishika mmoja tu, mhimili huo utajisokota. Mhimili wa juu upange kwa kufuata kimo cha masikio. Toboa kwa mashine, usichome tundu kwa gesi.

Lete trekta kwenye sakafu ya zege, laza uma, inua ncha kwa kipande cha milimita 20, ingiza pini zote, ndipo ushikize masikio kwa nukta chache. Kabla ya hapo chomoa waya wa betri na ubane waya wa ardhi kwenye uma wenyewe, karibu na unapochoma. Umeme ukipitia kwenye pini na silinda unaacha makovu kwenye stiki, na sili zinaanza kuvuja. Ukishashikiza, toa uma, ukamalizie kuchomelea pembeni.

Kwa mabamba tumia vijiti vya kuchomelea aina ya 7018 vya milimita 3.2, ampea 110 hadi 140, viwe vikavu. Kwa paipu aina ya 6013 inatosha. Mshono uliokaa juu kama uji uliomwagika haujashika. Mara nyingi kisa ni ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba: mashine inaonyesha 120, kwenye kijiti zinafika pungufu.

Nyuma nako kunataka uzito. Nusu pipa ya zege, lita 100, ni karibu kilo 240. Isimamishwe kwenye mikono mitatu ya trekta. Matairi ya nyuma yenye tyubu yanaweza kujazwa maji robo tatu. Maelekezo ya nchi za baridi yanataka dawa ya kuzuia maji kuganda; Dodoma maji matupu yanatosha.

Jaribu kwa gunia moja moja, paleti ikiwa sm 30 juu ya ardhi, mtu asisimame mbele. Tairi la nyuma likianza kuwa jepesi au usukani kuwa mzito kupita kawaida, hapo ndipo mwisho wako, hata kama silinda bado inainua. Baada ya siku ya kwanza ya kazi safisha viwiko kwa brashi ya waya. Ufa mpya hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu nyekundu kando ya mshono. Usiuchomelee juu, ukwangue wote kwa grinda mpaka uishe, ndipo ujaze.