Namna ya Kusoma Utafiti Kuhusu Vitamini D na Osteoporosisi

Mtu anayesoma leo kwamba vitamini D huzuia mifupa isivunjike, na kesho akasoma kwamba haisaidii kitu, hana kosa akidhani kwamba watafiti wamechanganyikiwa. Mara nyingi, hata hivyo, tafiti hizo mbili hazipingani: zilichunguza watu wasiofanana, zikawapa dozi zisizolingana, na zikahesabu mambo tofauti. Kabla ya kuuliza kama vitamini D inafanya kazi, uliza kwanza ilipewa nani na ni nini kilichohesabiwa mwishoni.

Anza kwa kutenganisha magonjwa mawili ambayo hata magazeti huyachanganya. Vitamini D ikipungua sana mwilini, utumbo hushindwa kufyonza kalisi ya kutosha, na mfupa unaojengwa haupati madini ya kuukaza. Mtoto hupata matege, na mtu mzima mifupa yake huwa laini na kuuma. Osteoporosisi ni jambo jingine. Hapo madini yapo kwa uwiano wake, ila mfupa wenyewe umepungua, na kuta nyembamba zilizo ndani yake zimekonda na kukatika, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka. Ugonjwa wa kwanza unaotokana na upungufu huo hutibika kwa vitamini D. Katika wa pili vitamini hiyo ni msaidizi tu, na makala yasiyosema yanazungumzia upi kati ya hayo mawili hayastahili kusomwa kwa haraka.

Ukishayafungua makala, usianze na muhtasari wake. Mimi huufunika kwa karatasi, kwa kuwa hapo ndipo waandishi huweka maneno yao matamu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu na kwenye jedwali la kwanza, ambalo kwa kawaida huonyesha umri wa washiriki, jinsia yao, na kiwango cha vitamini D katika damu yao kabla ya utafiti kuanza. Jedwali hilo pekee huweza kumaliza nusu ya ubishi. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1992 uliwahusisha wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 84, na miongoni mwa waliomaliza miezi 18 wakitumia kalisi pamoja na IU 800 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) za vitamini D kila siku, waliovunjika nyonga walikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko waliopewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Utafiti wa Marekani uitwao VITAL, ambao matokeo yake kuhusu kuvunjika kwa mifupa yalitoka mwaka 2022, uliwahusisha watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia miaka 55, ukawapa takriban nusu yao IU 2,000 kwa siku na wengine plasebo, na kuvunjika kwa mifupa hakukupungua. Mtu akiziweka namba hizi mbili kando kwa kando ataona mgongano. Lakini washiriki wa VITAL hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu wa vitamini D wala osteoporosisi. Wengi wao walikuwa na vitamini D ya kutosha tangu mwanzo, na kuliongezea maji tungi lililojaa hakulifanyi lijae zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa wa osteoporosisi aliyeandikiwa na daktari kalisi na vitamini D hana sababu ya kuviacha kwa kusoma habari za VITAL. Tafiti nyingi za dawa zinazopunguza kumomonyoka kwa mfupa ziliwapa washiriki wa pande zote mbili kalisi na vitamini D, kwa hiyo faida tunayoijua ya dawa hizo ilipatikana juu ya msingi huo.

Hatua inayofuata ni kuangalia kilichohesabiwa. Msongamano wa mfupa hupimwa kwa mashine ya eksirei iitwayo DXA, na matokeo hulinganishwa na mfupa wa kijana mwenye afya, kisha tofauti huandikwa kama alama, ambayo huwa hasi mfupa ukiwa na msongamano mdogo kuliko wa kijana huyo. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia alama ya -2.5 au chini yake kuwa kipimo cha osteoporosisi. Ni kipimo kizuri, lakini hakuna anayelazwa hospitalini kwa sababu ya alama. Analazwa kwa sababu ya nyonga iliyovunjika. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wanawake 36,282 waliokoma hedhi waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa plasebo na wengine miligramu 1,000 za kalisi na IU 400 za vitamini D. Msongamano wa nyonga kwa waliopewa vidonge halisi ulikuwa juu kwa asilimia 1.06, kuvunjika kwa nyonga hakukupungua kwa kiasi ambacho takwimu zingeweza kukithibitisha, na mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17. Mwandishi angeweza kuchagua sentensi ya kwanza ya matokeo hayo akaishia hapo, na asiwe amesema uongo.

Soma dozi kwa makini, pamoja na mpangilio wa kuitoa. Nchini Australia wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi walishiriki katika utafiti ambao nusu yao walimeza IU 500,000 kwa mara moja kila mwaka. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wenzao wa plasebo. Vipimo vya damu navyo vina mtego wake. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na ya kwanza ukiizidisha kwa 2.5 unapata ya pili. Namba 30 katika kipimo cha kwanza ni kiwango kinachotosha. Namba hiyo hiyo katika kipimo cha pili ni sawa na 12 tu katika kile cha kwanza, na huo ni upungufu. Kwenye vidonge, mikrogramu 1 ni sawa na IU 40.

Asilimia zigeuze ziwe watu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba kati ya watu 1,000 wa plasebo 20 walivunjika nyonga, na kati ya 1,000 wa vitamini 14. Tangazo litasema hatari imepungua kwa asilimia 30, na ni kweli, ila waliookolewa ni watu 6 katika elfu moja.

Mwisho kabisa, hakikisha makala hayajabatilishwa. Mtafiti mmoja wa Japani alichapisha majaribio mengi kuhusu vitamini, dawa za mifupa na kuvunjika kwa nyonga, yenye matokeo mazuri kupita kiasi, mpaka wenzake wa nchi nyingine waliposhtuka kwamba makundi yake yalifanana mno na kwamba wagonjwa wengi namna ile wasingeweza kupatikana kwa muda mfupi vile. Makala yake mengi yalibatilishwa, lakini kabla ya hapo yalikuwa yameshanukuliwa katika chambuzi za wengine. Nakala uliyotumiwa na rafiki haitakuwa na alama yoyote ya kukuonya. Ingia kwenye tovuti ya jarida lenyewe, tafuta kichwa cha makala, na uangalie kama pana tangazo la kuyabatilisha. Ukiwa unasoma uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, fanya vivyo hivyo kwa zile chache zinazobeba uzito mkubwa katika jedwali lake.