Viroboto kwa mbwa: kuwatambua, kuwaua na kuwafuata wanakolala

Mbwa anayejikuna si lazima awe na viroboto. Huenda ana chawa, kupe au ukurutu, na kila kimoja kina dawa yake. Mkague kwanza, agroveti baadaye.

Mlaze ubavu mahali penye mwanga. Pekua manyoya kinyumenyume pale mkia unapoanzia, kisha ndani ya mapaja na kwenye kinena. Kiroboto ni wa kahawia iliyokolea, urefu wa milimita 2 hadi 3, mwembamba ukimtazama kutoka juu. Hukimbia kati ya manyoya, na ukimfikia anaruka. Kupe huwa ameuma na kutulia. Chawa hutambaa polepole, na mayai yake hugandamana na unywele.

Usipomwona hata mmoja, bado usiseme mbwa hana viroboto. Mchane mgongo kwa kitana cha chawa, ukung'ute uchafu juu ya tishu nyeupe iliyoloweshwa, usubiri dakika moja au mbili. Chembe nyeusi zikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kumeng'enywa. Zikibaki nyeusi, ni vumbi. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kunyonyoka manyoya yote ya kiunoni kwa sababu ya viroboto wachache tu, kwa hiyo kipimo hiki kina maana kuliko kuwahesabu.

Mtu wa Kakamega, Vihiga, Busia au kandokando ya ziwa atazame pia sehemu mbili zaidi. Ya kwanza ni kingo za masikio na kuzunguka macho: kiroboto wa kuku hujikita hapo kwa makundi na habanduki, na ukimkuta, banda la kuku nalo litibiwe. Ya pili ni nyayo. Uvimbe mweupe wenye kitone cheusi katikati ni funza, ambaye naye ni jamaa ya kiroboto. Mbwa akiwa naye, kagua miguu ya watoto siku hiyohiyo.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani: viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya waliomo nyumbani. Jike huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili baada ya kunyonya damu, na anaweza kufikisha mayai 40 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Yanadondoka pale mbwa anapolala, yanaanguliwa mabuu yanayokimbilia gizani, kwenye nyufa na chini ya gunia, kisha yanajifungia ndani ya vifukofuko. Katika joto na unyevu wa Kisumu mzunguko huo unaweza kuisha kwa wiki 3 au 4. Usiku wa baridi wa Nakuru unauchelewesha nje, lakini ndani ya nyumba tofauti si kubwa. Kwa hiyo mbwa na malazi yake vitibiwe siku moja.

Tuanze na mbwa. Mjue uzito: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Dawa ya matone yenye fipronili huuzwa kwa uzito. Kwa kawaida kilo 2 hadi 10 ni mililita 0.67, kilo 10 hadi 20 ni 1.34, kilo 20 hadi 40 ni 2.68. Tenganisha manyoya kati ya mabega mpaka uone ngozi, udondoshee hapo ambapo hawezi kujilamba. Ikiishia juu ya manyoya, umemwaga pesa. Asiogeshwe wala asiingie ziwani siku 2 kabla na siku 2 baada ya dawa. Vidonge vya afoksolana hulinda mwezi mmoja, vya fluralana wiki 12 hivi. Mbwa mwenye kifafa asipewe vidonge hivi kabla ya daktari wa mifugo kusema.

Mtoto wa mbwa wa chini ya wiki 8 hapewi dawa hizo za matone wala vidonge. Muogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, mchane, umkaushe haraka. Akiwa na ufizi mweupe na mnyonge, mpeleke kwa daktari leo, kwa sababu viroboto wengi huweza kummaliza damu.

Tafadhali usimwogeshe mbwa kwa dawa ya ng'ombe iliyobaki kwenye kopo. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, ni ya kupe na utitiri, kiroboto haimsumbui sana. Nyingine za josho zinaweza kuua mbwa. Mafuta ya taa na oili chafu huchoma ngozi, na mbwa huvilamba. Akianza kutoa udenda, kutetemeka au kutapika, msuuze kwa maji mengi na sabuni ya vyombo, uende kwa daktari na kopo lenyewe. Dawa ya mbwa yenye permethrini usiiguse kwa paka: inamuua.

Malazi sasa. Gunia kuukuu lichomwe. Blanketi lichemshwe na kuanikwa juani. Fagia kila siku kwa wiki 2, hasa chini ya vitanda na kochi, na vumbi litiwe motoni. Sakafu ya udongo isiribwe upya ili nyufa zijae. Uwanja unaopigwa na jua uache, mabuu hukauka hapo. Nyunyizia kivulini: chini ya ghala, barazani, ndani ya kibanda cha mbwa. Chagua dawa yenye permethrini pamoja na pairiproksifeni, ambayo huzuia mayai na mabuu yasikue. Watoto, kuku na paka wakae mbali mpaka pakauke, na usioshee pampu karibu na bwawa la samaki wala mtoni. Permethrini huua samaki hata ikiwa kidogo.

Viroboto wapya wataendelea kutokea kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo watu husema dawa ni feki. Dawa haipenyi kifukofuko vizuri, na aliyemo anaweza kungoja miezi, mpaka asikie joto na mtikisiko wa hatua. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa wakati wa Krismasi, wenyewe wakiwa mashambani, huwapokea Januari kwa kuumwa vifundo vya miguu. Endelea na dawa ya mbwa miezi 3 bila kuruka. Paka wa nyumbani atibiwe kwa dawa yake, na zizi la mbuzi likaguliwe, kwa sababu kiroboto huyuhuyu hunyonya mbuzi na ndama.

Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi au chini ya mkia, ni tegu aliyeingia mbwa alipomeza kiroboto. Prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo, humwondoa. Viroboto wakibaki, atarudi.