SOMO: Kufungasha mishumaa ya mkono ifike mzima na ipendeze, ukiituma kwa basi au posta

Mwangaluka wote. Hili somo naliandika mara moja tu, maana kila wiki napata meseji zaidi ya kumi zinazouliza kitu kilekile, "dada mishumaa yako unaifungashaje mbona inafika haijapinda", na nikianza kumjibu kila mtu mmoja mmoja kazi inasimama na nta iko jikoni. Soma mpaka mwisho, ukibaki na swali uliza hapahapa chini ili na wengine wafaidike.

Niko Tabora mjini. Nta ya nyuki nachukua kwa warina asali wa Sikonge na Urambo, natengeneza mishumaa ya aina tatu: mirefu myembamba ya kinara, minene inayosimama yenyewe, na ya kwenye glasi. Wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma na Mwanza, kwahiyo karibu kila mshumaa wangu unapanda basi.

1. Ukishautoa mshumaa kwenye umbo, kile chombo unachomiminia nta, uache siku nzima upoe. Juu unaweza kuwa mgumu kumbe katikati bado una joto.

2. Kata utambi ubaki kama milimita 6.

3. Futa na kitambaa laini cha pamba. Nta ya nyuki ikikaa inatoa kama unga mweupe hivi, sio uozo wala sio uchafu, ni tabia yake nta halisi, ukiifuta inarudi kung'aa. Mwambie mteja mapema asije akadhani umemuuzia kitu kilichooza.

4. Kila mshumaa uvae nguo yake. Natumia karatasi ile ya kuokea keki, haishiki kwenye nta. Usitumie gazeti kugusana na mshumaa, wino unahamia, mshumaa wa rangi ya maziwa unaweza kufika na nusu ya tangazo la mnada mgongoni. Gazeti kazi yake ni kujaza nafasi tu, tena baada ya mshumaa kuwa umeshafunikwa.

5. JOTO. Hapa naomba utulie, maana hapa ndo niliumia.

Ilikuwa Oktoba, mnajua Oktoba ya Tabora kabla mvua hazijaanza ilivyo. Nilikuwa na oda ya mishumaa 40 ya kinara ya sendofu ya mtu Dodoma. Nikaifunga kumi kumi kwa mpira, kila fungu nikalizungushia riboni ya dhahabu, nikaisimamisha wima kwenye boksi refu, ilipendeza mpaka nikaipiga picha. Ikaondoka na basi la asubuhi. Jioni dada wa watu ananitumia picha, mishumaa yote imeinama upande mmoja kama mkungu wa ndizi, ile ya katikati imeshikana haiachani, na pale kwenye mpira na riboni kuna mfereji umezama kwenye nta kuzunguka mshumaa mzima. Shughuli ilikuwa kesho yake. Nilimrudishia hela yote na nauli ya mzigo, lakini ukumbini alienda bila mishumaa, na hilo bado linaniuma.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilijua nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi, nikajiambia ndani ya basi joto halifiki huko. Kumbe mshumaa hausubiri kuyeyuka ndo uharibike. Nta inaanza kulainika mapema sana, kwenye nyuzi thelathini na kitu tu tayari unaweza kuikunja kwa vidole, na mshumaa mrefu uliosimama unapindishwa na uzito wake wenyewe. Sasa fikiria buti limefungwa, basi liko juani tangu asubuhi, na mabasi mengi ya siku hizi injini iko nyuma, boksi lako likisukumwa kule mwisho linakaa jirani na injini safari nzima. Kwahiyo:

Mishumaa mirefu ILALE, isisimame. Kata kipande cha katoni ngumu chenye urefu wa mshumaa, uulaze juu yake, funika na kipande kingine, hapo hata ukilainika hauna pa kuinamia.

Usifunge mpira wala riboni moja kwa moja kwenye nta. KAMWE. Riboni ni ya nje ya karatasi, na hata huko usikaze.

Tuma usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 mimi mizigo ya mishumaa ya mchana siitumi kabisa kuanzia Septemba mpaka mvua zianze kunyesha.

Ongea na anayepakia kwa mdomo, usitegemee maandishi peke yake. Mwambie "kaka hii ni nta, naomba isikae upande wa injini wala chini ya magunia". Mara nyingi wanasikia ukiwaambia vizuri.

Mteja ajue siku na saa ya kuchukua. Mzigo ukilala siku mbili kwenye ofisi yenye bati bila dari kazi yako yote imeisha.

Na kabla hujatuma oda kubwa fanya jaribio. Funga mmoja kama utakavyofunga ya mteja, uuache kwenye gari lililofungwa juani saa sita mpaka saa tisa mchana, ukifungua utaona mwenyewe ufungashaji wako una kasoro gani.

6. Boksi. Likiwa kubwa kuliko mzigo kwa upana wa vidole viwili au vitatu kila upande inatosha. Jaza maranda, kwa mafundi seremala hapa Tabora wanakugawia bure, ila yapepete kwanza kwenye ungo utoe vumbi maana vumbi likikutana na nta halitoki. Mishumaa ya glasi isigusane glasi kwa glasi hata kidogo. Mimi naokota katoni za mvinyo, zile zina vyumba ndani, kila glasi inaingia chumba chake na maranda chini na juu.

7. Funga, tikisa. Ukisikia kitu kinacheza fungua uongeze maranda. Usijidanganye kwamba kinacheza kidogo.

8. Urembo. Watu wanadhani ndo kazi kubwa, kumbe ni nyepesi: karatasi ya kaki, kamba ya katani, lebo ndogo. Juu kabisa kabla sijafunga naweka kijikaratasi cha maelezo ya kuwasha, maana ufungashaji hauishii mshumaa kufika, unaisha mteja akiuwasha na nyumba yake iko salama. Naandika hivi: kata utambi kabla ya kila kuwasha, usiache ukiwaka ukaondoka chumbani, weka mbali na pazia na watoto, usizidishe masaa manne kwa mkupuo, na wa glasi zima ikibaki nta ya sentimita moja chini.

9. Jina na simu ya mpokeaji pande mbili za boksi, andika VIOO kama kuna glasi, piga picha mzigo, dai risiti.

MASWALI

Kijana wa Nzega: Habari dada, asante kwa somo. Sasa mishumaa ile mirefu unafanyaje isipinde?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Kijana wa Nzega: Nimeona ni ndefu ndo maana nikauliza kwa kifupi

Mwandishi: Ni ndefu kwa sababu ilinigharimu mishumaa 40. Isome kaka.

Binti Ujiji: Shikamoo dada. Mimi niko Kigoma, nimeanza mwaka huu, natengeneza ya glasi yenye harufu ya mchaichai. Nilituma sita Dodoma, hazikuvunjika hata moja ila mteja anasema zinanuka dagaa. Boksi lenyewe lilikuwa na doa la mawese pembeni. Nifanyeje na basi la Kigoma bila dagaa na mawese halipo?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, umeuliza swali zuri, hili nilipaswa kuliweka kwenye somo. Nta inavuta harufu, na ya mchaichai ikivuta ya dagaa mteja hapati hii wala ile. Fanya hivi. Kila glasi ifunike mdomo kwa nailoni ile ya kufunikia chakula, ivute ikaze, afu kata kiduara cha katoni kikae juu yake. Glasi zote ukishazipanga kwenye boksi, boksi zima liingie kwenye mfuko mzito wa nailoni kama ile ya ndani ya magunia ya sukari, ukunje mdomo mara mbili upige solatepu, afu ndo uingie boksi la pili la nje. Mawese yakimwagika yanaishia boksi la nje. Na kama unauza harufu tofauti tofauti usizichanganye chumba kimoja bila nailoni, zenyewe kwa zenyewe zinaambukizana. Huyo mteja wa Dodoma mpe pole, mwambie aziache wazi mahali penye hewa siku mbili tatu, harufu ya juu inapungua.

Binti Ujiji: Asante sana dada. Huku maranda ni shida kidogo lakini majani makavu ya migomba yamejaa, yanafaa?

Mwandishi: Yanafaa na yanapendeza kuliko maranda, mteja wa mjini akifungua akakuta majani ya mgomba anafurahi. Ila yawe makavu ya kupasuka mkononi, yakiwa na unyevu boksi linalegea na kuota ukungu njiani. Yaanike juani siku mbili, yakung'ute wadudu, yachane nyuzi nyuzi kabla ya kuweka.

Mzee wa Haraka: Mbona mimi natuma na gazeti miaka yote na hakuna shida? Mnatisha watu bure

Mwandishi: Kama unatuma ile ya dukani yenye karatasi yake, sawa, gazeti haligusi nta. Mimi nazungumzia nta tupu iliyotengenezwa kwa mkono. Chukua mshumaa wako mmoja mweupe uuviringe gazeti uweke juani lisaa limoja, afu urudi hapa utuambie.

Mama wawili Igunga: Dada naomba kuuliza, nina glasi za juisi zimebaki kwenye shughuli, nzuri sana zina maua. Naweza mimina nta nikauza?

Mwandishi: Dada yangu, hapo nenda taratibu. Glasi ya juisi haikutengenezwa kwa moto, nyingine inapasuka mshumaa ukifika chini, nta ya moto inamwagika mezani. Tafuta glasi nene iliyozoea chai ya moto, isiwe na ufa wala kipovu. Hata hiyo, washa wa kwanza nyumbani kwako, juu ya sahani ya bati, ukae nao mpaka ibaki nta ya sentimita moja chini, kwa awamu za masaa manne manne. Ukipita salama ndo uuze. Hizo zenye maua weka waridi, zitakupendeza dirishani.

Asha G: Mimi nataka kuweka na kiberiti ndani ya boksi iwe seti ya zawadi kamili, nimeona inapendeza

Mwandishi: Hapana. Kiberiti hakipiti posta, ni kitu cha hatari kwenye mizigo, na kwenye buti la basi lenye joto na watu 50 juu yake usithubutu. Mteja ana kiberiti jikoni kwake.

Asha G: Sawa dada. Na yale maua makavu watu wanabandika juu ya mshumaa?

Mwandishi: Picha inapendeza, ukiwasha ua linashika moto linakuwa utambi wa pili. Ua lifunge kwenye kamba ya katani nje ya karatasi, hapo kila mtu analiona na haliungui.

Kijana wa Nzega: Nimesoma ya 5 yote. Swali, kwanini tusiweke barafu kwenye boksi kipindi cha joto?

Mwandishi: Sasa hapo umeuliza kitu. Barafu ikianza kuyeyuka inatoa jasho, boksi linalowa linalegea, lebo inabanduka, na ikishaisha joto linarudi palepale na safari bado. Bora usiku. Na nyongeza kwako kwa sababu umesoma: mshumaa ukifika umepinda kidogo mteja asiukunje ukiwa mkavu, utakatika. Auzamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache mpaka ulegee, auviringishe kwa kiganja kwenye meza tambarare kama anaviringisha chapati, unanyooka. Ningejua hilo siku ile ya Dodoma ningeokoa hata nusu.

Mrina asali Sikonge: Dada hongera. Naongezea upande wetu, wengi wanalalamika nta tunayowauzia ni nyeusi, kumbe wanaichemshia kwenye sufuria la chuma. Chuma kinatia nta weusi, shaba nayo inaiharibu rangi. Tumieni alminiamu au stili, na maji ya mvua kama mnayo.

Mwandishi: Ahsante kaka, watu wasome hiyo mara mbili. Mimi nachuja na kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa bila sabuni yenye harufu. Na jamani, nta iyeyushwe sufuria ndani ya sufuria la maji, isikae juu ya moto moja kwa moja. Ikishika moto USIMWAGE MAJI, yanaruka na moto unapanda mpaka darini. Funika na mfuniko, zima jiko, usiisogeze.

Binti Ujiji: Dada, na kanga ikishajaa nta unaitupa?

Mwandishi: Usitupe kabisa. Ikunje, iache ikauke, kata vipande, ni kiwashio kizuri cha jiko la mkaa.