Taa ya buluu kwenye upasuaji wa saratani ya mdomo: washa kabla ya kisu

Mdogo wangu, taa hii iwashe kabla hujakata chochote. Damu hufyonza mwanga wa buluu, kwa hiyo ukishachana, kila kilicholowa kitaonekana cheusi. Hata sindano ya ganzi isubiri, maana huvimbisha nyama na kuacha kitone cha damu.

Mwambie mtu wa usingizi kwamba unazima taa kubwa. Jua la Dar la saa nne asubuhi halina adabu, ziba dirisha kwa shuka la kijani. Nyonya mate, panguza kwa shashi yenye unyevu, kisha mulika kwa mwanga wa nanomita 400 hadi 460 ukitazama kupitia kichujio. Utando wenye afya hung'aa kijani, sehemu kubwa kwa sababu ya kolajeni, nyuzi za protini zilizo chini yake. Penye saratani, au seli zinazoelekea huko, kijani hufifia, na giza hilo mara nyingi huvuka kidonda unachokiona kwa macho.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Fizi zetu zina weusi wa asili, na melanini, rangi inayouleta, nayo hula mwanga. Shavu lililong'atwa, au mdomo wa ndani uliochubuliwa na ugoro, pia huwa giza. Bonyeza kwa mgongo wa kioo cha meno. Kijani kikirudi, huenda ni wekundu wa mchubuko tu. Kisiporudi, zungushia giza hilo nukta za GV, ile dawa ya zambarau.

Baadaye paka Lugol, maji ya iodini, ukiwa umeshauliza kuhusu mzio wa iodini. Utando wenye afya una glikojeni, sukari ya akiba ya seli, hugeuka kahawia; unaotiliwa shaka hubaki umepauka. Kwenye fizi na kaakaa gumu usijisumbue.

Kata nje ya nukta, na usipungue sentimita 1 kutoka kwenye uvimbe unaoupapasa: patholojia, yaani maabara inayopima kipande, inataka angalau milimita 5 safi, na nyama hujikunja ikishakatwa. Kina kitafute kwa kidole. Taa huona juujuu tu.

Mimi taa siiabudu. Jaribio la Kanada liitwalo COOLS, lililochapishwa 2020, halikuona ugonjwa ukipungua kurudi kwa waliopasuliwa kwa kuongozwa nayo. Pesa ikitosha kimoja, lipia patholojia.

Kwenye kipande, shona uzi mfupi upande wa juu, mrefu upande wa nje, andika hivyo kwenye fomu, ndipo kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi.