Siku ya mechi ya kriketi chuoni: jinsi ya kuimaliza bila kuwa mzigo kwa timu

Kama ndo umeitwa timu ya kriketi ya chuo mara ya kwanza, jua mapema kwamba siku ya mechi muda mwingi utakuwa umekaa. Hii sio futiboli, hata T20 ambayo ndo fupi, ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita ya kurushiwa), inakula masaa matatu hivi, na ukipangwa kubati, yaani kupiga mpira, namba nane unaweza usiguse bati kabisa mpaka mnarudi hosteli. Kwahiyo anayeitwa tena wiki ijayo sio lazima awe yule mwenye mashuti makali, mara nyingi ni yule anayejua kukaa vizuri.

Anza usiku wa kuamkia mechi. Timu nyingi za chuo begi la vifaa ni la wote, unakuta pedi za kugombania na helmeti moja mkanda wake umekufa, sasa ivae kabisa usiku huohuo uone inafunga au haifungi. Unacheka? Angelo Mathews wa Sri Lanka, Novemba 2023, Kombe la Dunia kule Delhi dhidi ya Bangladesh, mkanda wa helmeti ulikatika hajakabili hata mpira mmoja, kuhangaika kutafuta nyingine, Bangladesh wakakata rufaa kwa ampaya (mwamuzi) na jamaa akatolewa kwa kuchelewa, wa kwanza kwenye historia ya mechi za kimataifa. Kinga ya chini, ile ya kuvaa ndani, nunua yako jamani, hiyo haiazimwi.

Asubuhi kunywa chai na chapati, beba maji mengi na ndizi, chipsi mayai zisubiri jioni. Jua la Dar la Januari halina urafiki, kofia ya kuzunguka kote ni bora kuliko kapelo.

Sasa hapa kwenye kukaa. Jifunze kuandika skoa, aisee hili ndo lingenifaa mtu angeniambia siku ya kwanza. Timu yenu ikiwa inabati lazima mtu ashike daftari na wote wanakwepa, wewe lichukue. Mpira usio na mkimbio (ndo pointi zenyewe) weka nukta, mkimbio mmoja andika 1, wiketi, yaani mpigaji katolewa, W, waidi, yaani mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji, weka kamsalaba na ukumbuke waidi inaongeza mkimbio ila haihesabiki kwenye zile mipira sita. Mfano ova imeenda hivi: nukta, 1, waidi, 4, nukta, W, nukta. Ni mipira saba lakini halali ni sita, bola (mrushaji) ametoa mikimbio 6 na wiketi 1. Ampaya akinyoosha mikono yote pembeni ni waidi, akipunga mkono mmoja kifuani ni mikimbio 4, akiinua yote juu ni 6, na wewe skoa, yaani mwenye daftari, unamnyooshea mkono kumjibu umeona, usipomjibu atakusubiri pale katikati na uwanja mzima utageuka kukuangalia. Uzuri wa kazi hii ni kwamba ukimaliza ova kumi unajua bola gani anarusha fupi na nani kachoka, na zamu yako ikifika huingii kipofu.

Watu wawili mbele yako wakibaki, vaa pedi. Kaa nje kwenye mwanga macho yazoee, simu weka mbali, sheria ya kawaida inakupa dakika tatu tu toka wiketi ianguke uwe tayari kukabili mpira, na T20 za kimataifa ni sekunde 90. Ukifika kubaliana na mwenzio mtaitana vipi, njoo, baki, subiri, maneno matatu basi. Ile "twende twende, ah rudi" ndo inazaa rani auti, yaani kutolewa mkiwa bado mnakimbia, halafu mnanuniana mpaka Jumatatu.

Kwenye fildi, yaani zamu yenu ya kudaka mipira, tembea kidogo kuelekea mbele bola anapokimbia, usisimame kama nguzo. Mpira ukipaa juu yako piga kelele "yangu!" hata kama unaogopa, vidole visiuelekee uso kwa uso maana una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu, kidole kitavimba uandike mtihani kwa shida. Na ukicheza na klabu za mjini, Wahindi wengi wa Dar Kiswahili chao kimenyooka kuliko chako, so usimseme mtu ukidhani hasikii.

Mechi ikiisha mpe kila mtu mkono, ampaya na skoa wa wapinzani nao, halafu msiondoke kabla ya kuhesabu vifaa, mipira ya mazoezi ndo inapotea sana. Glavu zenye jasho zianikwe usiku huohuo, ukizifungia kwenye begi wiki nzima atakayezivaa Jumamosi atakutaja kwa jina.