Somo: Ufupi wa mtufaha unatoka juu au chini?

Habari zenu wakulima. Wengi wenu wa Ruaka na Kasarani mna kipande kidogo cha ua, na muuza miche anawaambia "huu ni mfupi". Muulizeni: mfupi kwa sababu gani?

Hatua ya 1. Tafuta kovu la kupandikizia, karibu na udongo, pale shina linapovimba au kupinda kidogo. Chini ya kovu ni mti mmoja, juu ni mwingine, kila mmoja na jeni zake. Usilifukie kamwe. Sehemu ya juu ikiota mizizi yake, ufupi uliotoka chini umekwisha.

Hatua ya 2. Tazama pingili za tawi jipya. Macho (machipukizi) yakiwa yamesongamana, matawi ya pembeni karibu hayapo, na vitawi vifupi vya maua vimelibana shina tangu chini hadi juu, huo ni mtufaha nguzo. Jeni yake huitwa Co, iko kwenye kromosomu ya 10. Ilizuka yenyewe kwenye tawi moja la McIntosh, aina ya tufaha, huko Kelowna, Kanada, miaka ya 1960. Kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kilijipachika mahali pasipo na jeni yoyote. Hakikuharibu kitu, ila kiliiamsha jeni ya jirani ifanye kazi matawini, isikotakiwa. Matokeo yake jiberelini, homoni inayorefusha pingili, ikapungua. (Mimi hapa ndipo huwa napenda somo hili.)

Hatua ya 3. Kama si nguzo, angalia tunda linakaa wapi. Aina ya Granny Smith huzaa sana nchani. Ukikata kila ncha umekata mavuno.

Hatua ya 4. Uliza jina la shina la chini. M9 hufupisha sana lakini huhitaji mhimili maisha yake yote. MM106 ni wa wastani na hustahimili vidukari sufi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti.

MASWALI

– Mwalimu, nikiotesha mbegu za nguzo nitapata nguzo?
Karibu nusu yake. Co hutawala, nakala moja yatosha, na nguzo nyingi zina hiyo moja tu. Utamu wa tunda sikuahidi.

– Mtufaha wangu wa aina ya Anna naukata uwe nguzo, unatoa fito tu!
Mkasi haubadilishi jeni, dada. Ukikata fito zilizosimama unaziamsha zaidi. Zifunge kamba uzilaze. Tawi lililolala hupunguza mbio na kuelekea kutoa maua.

– Niweke nguzo juu ya M9?
Utapata kijiti. Nguzo ina ufupi wake tayari, mpe MM106.

– Basi ninunue nguzo ya Ulaya?
Polepole, ndugu. Co huamua umbo, haigusi baridi ambayo mti huhitaji ili uchanue. Nyingi zina damu ya McIntosh, inayotaka baridi nyingi, na Julai ya Nairobi haifikii baridi hiyo. Mti utasimama wima vizuri, maua usiyaone. Anna huridhika na baridi kidogo, ndiyo maana unauona kila mahali. Mpandie mtufaha wa aina ya Dorsett Golden karibu kwa uchavushaji.