Mbio za robo maili kwa gari lenye nguvu kubwa: jinsi ya kuinusuru giaboksi ya kiwandani

Karibuni nilikuwa namsaidia jamaa aliyepandisha nguvu za injini karibu maradufu, akabakiza giaboksi ileile iliyokuja na gari. Swali lake la kwanza lilikuwa lile la kila mtu: hii giaboksi inabeba hosipawa ngapi?

Giaboksi haijui hosipawa. Inachohisi ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na inahisi pia kama torki hiyo imeingia taratibu au kwa kishindo. Giaboksi nyingi zilizovunjika kwenye mstari wa kuondokea zingevumilia torki ya injini zao. Kilichozivunja ni kishindo. Kwa hiyo kazi yetu yote hapa ni kuhakikisha kuna kitu kingine kinacholegea kabla ya meno ya gia kulegea. Kitu hicho ni klachi, na kwa kiasi fulani tairi.

Naongelea gari la gia za mkono linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Otomatiki ina mambo yake. Na haya yote ni ya uwanja uliofungwa wenye taa na waokoaji, barabarani usijaribu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kinachofika kwenye giaboksi

Chukua mfano wa T5 ya Borg-Warner iliyofungwa kwenye Ford Mustang za V8 za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiwandani ilipewa kiwango cha torki cha takriban Nm (niutoni mita) 407. Mkato wa gia ya kwanza, yaani mara ambazo shafti ya kuingilia inazunguka kwa kila mzunguko mmoja wa shafti ya kutokea, ni 3.35, wa ya pili ni karibu 2, na wa ya nne ni 1.00.

Tuseme gari lina kilo 1,500, difu yenye mkato wa 3.73, na tairi yenye nusu kipenyo ya mita 0.32. Wakati wa kuondoka uzito unarudi nyuma, tuseme asilimia 63 inakalia ekseli ya nyuma. Tairi ya kawaida ya barabarani ikishika vizuri inasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito ulioikalia, yaani niutoni 9,300 hivi. Zidisha kwa 0.32, gawanya kwa 3.73, kisha kwa 3.35: unapata karibu Nm 240 kwenye shafti ya kuingilia. Ukizidisha hapo, tairi inateleza. Maana yake ni kwamba injini yako, tuseme ya Nm 600, haiwezi kuipa giaboksi Nm 600 katika gia ya kwanza ukiwa na tairi za barabarani, labda kwa kishindo.

Sasa vaa tairi za dragi (yaani za mbio hizi za robo maili) zinazoshika karibu mara mbili ya hizo, na uzito uongezeke nyuma kwa sababu gari linainua pua. Hesabu ileile inakupeleka kwenye Nm 475 hivi, juu ya kiwango cha kiwanda. Gia ya pili nayo ni mbaya zaidi, kwa sababu mkato wake ni mdogo na tairi haitelezi tena: pale injini inamwaga torki yake yote, na giaboksi inaipokea yote. Ndiyo maana wengi wanaondoka salama halafu wanavunja gia ya pili au ya tatu wakashangaa.

Fanya hesabu hiyo kwa gari lako kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 2: Mafuta, maunti na bushi

Weka mafuta ambayo mtengenezaji wa giaboksi ameyataja, basi. Hiyo T5 ya Mustang hutumia mafuta ya giaboksi za otomatiki, na bado kuna watu wanaimwagia mafuta mazito ya difu kwa imani kwamba mazito yanalinda zaidi, kisha wanalalamika gia haziingii.

Badilisha maunti (vishikizo) za injini na za giaboksi zilizochoka, na bushi za mikono ya nyuma. Shokapu zilizokufa nazo zitoe. Sababu utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 3: Tairi

Hapa nina upendeleo na sitauficha. Kwa giaboksi ya kiwandani, chagua tairi za mbio za nyuzi mshazari zenye ubavu laini, usichukue redia za dragi. Redia inaweza kukupa muda mzuri zaidi, lakini ubavu wake ni mgumu. Inashika mara moja na kishindo chote kinapanda kwenye shafti. Ubavu laini unajikunja kwanza, unakula sehemu ya kishindo, ndipo unasukuma. Ukipiga picha pembeni gari linapoondoka utaona ubavu umekunjamana kama soksi iliyoshuka. Kila kunjo hilo ni torki ambayo haikwenda kwenye meno ya gia kwa mara moja.

Na kama bajeti haitoshi, baki na tairi za barabarani. Utapoteza muda, ila giaboksi itabaki nzima.

Hatua ya 4: Klachi, ambayo ndiyo mwongozo wenyewe

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Unapokuwa kwenye mstari injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na klachi vimebeba nishati nyingi. Ukiachia pedali ghafla, nishati hiyo yote lazima iende mahali. Chukua injini ambayo mfumo wake wa kuzunguka una hali ya ukinzani, yaani ugumu wa kubadilisha mwendo wake wa kuzunguka, ya kg·m² 0.2. Ikiporomoka kutoka 6,000 hadi 3,000 ndani ya sekunde 0.1, inaongeza Nm 630 hivi juu ya torki ya injini. Porojo za hosipawa hazina nafasi hapo. Ila ukichukua nusu sekunde kushuka umbali uleule, nyongeza ni Nm 125 tu. Gari lilelile, dereva yuleyule, giaboksi ileile, na tofauti ya Nm 500 imetoka kwenye mguu wa kushoto.

Tatizo ni kwamba mguu wa binadamu hauwezi kurudia kazi hiyo sawasawa. Taa ya kijani ikiwaka, damu imepanda, mguu unaruka. Kwa hiyo usiutegemee. Punguza kasi ya pedali kwa kifaa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubana mrija wa haidroliki wa klachi kwa tundu dogo, ili mafuta yarudi polepole unapoachia pedali. BMW wenyewe wamefunga vali ya aina hiyo kwenye magari yao kadhaa toka kiwandani, na watu huitoa wakidhani inawapunguzia raha. Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kifyonzaji kidogo cha haidroliki kinachofungwa kwenye pedali yenyewe: ukiiachia, pedali inapanda haraka hadi karibu na mahali klachi inapoanza kushika, halafu inapunguzwa mwendo kuanzia hapo. Kubana mrija kunapunguza mwendo wote, hata ile sehemu ya mwanzo isiyo na kazi, na unapoteza muda kwenye mstari. Ukilazimika kubana mrija, tumia vali ya njia moja, ibane kurudi tu. Ukikanyaga pedali, mafuta yaende bila kizuizi. Bila hivyo klachi haitaachia kwa wakati unapobadilisha gia, na hapo unakula singronaiza, yaani pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia.

Kabla ya kurekebisha kifaa chochote, hakikisha haya, maana kila moja limewahi kula mchana mzima wa mtu akidhani kifaa kina kasoro:

Toa hewa kwenye mfumo wa klachi. Hewa kidogo inafanya kituo cha kushika kitembee, na marekebisho yako yanakuwa ya siku moja. Hakikisha pedali ina uchezaji sahihi, la sivyo rilizi beringi (beringi ya kuachilia klachi) inakandamiza preshapleti (sahani inayobana klachi) wakati wote na klachi inateleza hata ukiwa gia ya nne. Kisha pasha klachi kwa kuondoka mara moja kwa nguvu ya wastani kabla ya kupima. Klachi baridi na klachi moto zinashika mahali tofauti.

Angalia aina ya klachi pia. Zile za pucki (vipande vya kushikia) tatu au nne zisizo na springi katikati, sizitaki kabisa kwa giaboksi ya kiwandani. Zinashika au zinaachia, hakuna katikati. Klachi ya kuteleza inatakiwa iwe na uwezo wa kuteleza bila kuungua. Pleti mbili za chuma cha kusintawa (unga wa chuma uliogandishwa kwa joto) zinavumilia joto vizuri. Klachi ya kawaida yenye springi inafaa kwa nguvu ndogo, ila ukiondoka mara tatu mfululizo bila kuipumzisha utaisikia harufu. Flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani nayo ina shida yake: springi zikifika mwisho wa mwendo wao, kinachofuata ni pigo la chuma kwa chuma.

Sasa kurekebisha. Weka kinasa data kinachosoma mizunguko ya injini, mwendo wa gari na kama inawezekana mwendo wa magurudumu ya mbele. Ondoka, kisha soma mchoro. Mizunguko ikidondoka wima kama jiwe, kifaa kiko haraka mno, ongeza ubanaji. Ikibaki juu kwenye mstari mlalo muda mrefu huku gari likiongeza mwendo taratibu, klachi inaungua tu; punguza. Unachotaka ni mteremko wa wastani kutoka kwenye mizunguko ya kuondokea hadi pale injini inapokutana na mwendo wa gari.

Utajua pa kukutana kwa hesabu. Kwa gari letu la mfano, mizunguko 4,000 katika gia ya kwanza ni kama kilomita 39 kwa saa. Gari linalosukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wake linafika mwendo huo kwa sekunde 1.1 hivi. Basi klachi ikifunga kati ya sekunde 0.9 na 1.2, umepatia. Ikifunga kwa sekunde 0.3, meno yamechukua kishindo. Ikipita sekunde 1.5, pleti zako hazitamaliza msimu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa kifaa, mizunguko ya kuondokea na shinikizo la tairi kwa pamoja, hutajua kilichosaidia.

Kuhusu flaiwili nyepesi: inapunguza kishindo kwa kuwa haihifadhi nishati nyingi, lakini injini huzimika kirahisi usipoongeza mizunguko. Mimi naiacha ya kiwandani na kuirekebisha klachi.

Hatua ya 5: Kompyuta ya injini

Kama una tabo, weka kikomo cha torki kwa kila gia. Tumia namba za hatua ya 1: gia ya kwanza isipite kile ambacho tairi inaweza kuchukua, gia ya pili isipite kiwango cha giaboksi, na torki irudi kwa mteremko kila baada ya kubadilisha gia badala ya kurudi ghafla. Kwenye giaboksi ya mtindo wa T5 gia ya nne ni ya moja kwa moja. Torki inapita kutoka shafti ya kuingilia hadi ya kutokea bila kupitia shafti ya pembeni. Hapo ndipo unapoweza kuachia busti (shinikizo la tabo) yote. Muda mwingi wa robo maili unatumika kwenye gia za juu, kwa hiyo hasara si kubwa kama watu wanavyodhani.

Hatua ya 6: Kuchoma matairi na kuondoka

Choma matairi, yaani yazungushe papo hapo ili yapate joto, katika gia ya pili, uanzie kwenye sehemu yenye maji, na usiachie mafuta ghafla matairi yanapotoka kwenye unyevu na kushika lami kavu. Toa nguvu taratibu.

Unapoondoka, sikiliza ekseli. Ikianza kudundadunda, yaani tairi zinashika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Usivumilie kwa matumaini kwamba itatulia. Kila dundo ni pigo la kwenda na kurudi kwenye meno ya gia na kwenye shafti, na maunti au bushi zilizochoka ndizo zinazolianzisha.

Hatua ya 7: Kubadilisha gia

Kanyaga klachi kila mara. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili injini inatakiwa ishuke kutoka 6,500 hadi karibu 3,900, na kishindo chake ni kikubwa kama cha kuondoka. Ukitumia mfumo wa kukata cheche ili usiondoe mguu kwenye mafuta, upangie muda wa kutosha wa kukata. Usivute mkono wa gia kwa nguvu zote za bega. Uma za gia zinapinda, na gia iliyoingia nusu hutoka yenyewe chini ya mzigo.

Hatua ya 8: Baada ya siku ya mbio

Fungua skrubu ya kumwagia mafuta yenye sumaku. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vijisindano vinavyong'aa au vipande vinavyoonekana kwa macho havina maelezo mengine zaidi ya beringi au gia, na unga wa rangi ya dhahabu kwenye mafuta ni singronaiza. Ukiviona, usiondoke tena na gari hilo. Gia za kati ziko mbali na beringi, shafti zinasukumana pale, na beringi iliyolegea inaziacha zitengane. Kubadilisha beringi sasa ni kazi ya mchana mmoja, kununua seti ya gia na nyumba ya giaboksi iliyopasuka ni jambo jingine.